Mkuu Naye Asikie: Somo la Kitui na Makueni kwa Sisi wa Pwani

Katikati ya jiji la Nairobi, kando ya Soko la Jiji, kuna barabara inayoitwa Muindi Mbingu. Wengi wetu huipita bila kujua kwamba mwenye jina hilo aliwahi kuishi huku kwetu, na hakuja kwa hiari yake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilimtoa Ukambani kwa amri ya gavana na kumleta Lamu, akakaa uhamishoni hadi 1946.

Kosa lake lilikuwa kusema hapana. Serikali ilidai kwamba mifugo imezidi na ardhi ya wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, inamomonyoka. Ng'ombe wakaanza kutwaliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama kikiwangoja Athi River. Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Kabla mwaka haujaisha, serikali iliacha kuwapunguza ng'ombe kwa lazima. Hata hivyo, aliyewasemea watu alibaki Lamu.

Nimekianza kisa hiki kwa sababu kina jambo ambalo huwa tunalisahau tunapojadili haki za raia na nguvu za dola. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli. Serikali haiji mlangoni ikisema imekuja kukuonea. Huja na sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ni nzuri: udongo, umeme, ushuru, usalama. Kwa hiyo swali la demokrasia haliishii kwenye uzuri wa sababu. Swali ni kama raia anaweza kukataa kabla jambo halijaamuliwa, akajibiwa, na kisha akarudi kwake salama.

Tuje karibu na leo. Mashariki mwa kaunti ya Kitui kuna Bonde la Mui, ambako serikali iligundua makaa ya mawe. Katiba ya 2010 inasema madini ni mali ya umma, lakini juu ya madini hayo kuna mashamba, makaburi na shule za watu. Mwaka 2011 kampuni ya Fenxi kutoka Uchina ilipewa sehemu ya bonde hilo. Wenyeji wakaenda mahakamani wakilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikataa ombi lao. Majaji waliona kwamba kwa hatua iliyokuwa imefikiwa, watu walikuwa wameshirikishwa vya kutosha. Lakini hukumu hiyo iliacha kitu ambacho mawakili wanakitumia hadi leo: vigezo vya kupimia ushirikishwaji wa umma. Raia wapewe habari kamili. Maoni yao yachukuliwe kwa nia njema, si kwa kutimiza desturi. Atakayeumia zaidi asikilizwe zaidi. Na kigezo kingine ambacho serikali hukipenda sana: si lazima kila maoni yakubaliwe.

Wenyeji wa Mui walishindwa kesi, lakini vigezo vilivyotokana na kesi yao vinamlinda kila Mkenya, sisi wa Pwani tukiwemo. Makaa yale yalikuwa yanatajwa kwamba siku moja yangelisha mtambo wa umeme uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, wa megawati 1,050. NEMA iliupa mradi huo leseni mwaka 2016. Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likaifuta leseni. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba watu waliitwa mikutanoni mapema, kabla utafiti wa athari haujakamilika, na ulipokamilika hawakurudiwa wakaelezwa hewa yao, bahari yao na samaki wao watapatwa na nini. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaunga mkono uamuzi huo. Kwa maneno mengine, kumwita mtu mkutanini, ukampa soda na kumwekesha sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, hakutoshi.

Najua kuna atakayesema: tukimsikiliza kila mtu, nchi itajengwa lini? Ni hoja ya haki. Kijiji kimoja hakiwezi kuwa na turufu juu ya nchi nzima, na serikali isiyoweza kuamua si serikali. Tena kuna nyakati wananchi wenyewe ndio wanaoihitaji nguvu ya dola. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 kwa sababu mito ilikuwa inakombwa na wafanyabiashara wenye malori na pesa, na mwanakijiji peke yake hakuwa na uwezo wa kuwazuia.

Lakini Makueni hiyohiyo inaonyesha kwamba kusikiliza hakuzuii kujenga. Chini ya gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, mikutano ya bajeti ilianzia kijijini na kupanda ngazi kwa ngazi hadi kaunti. Kila mradi uliundiwa kamati ya wenyeji, na mwanakandarasi hakulipwa kabla kamati hiyo haijakubali kwamba kazi imefanyika. Huo ni ushirikishwaji wenye meno. Mama aliyeketi chini ya mti akaomba kisima ana njia ya kuuliza kisima kiko wapi.

Na kaunti hiyo haikuwa peponi. Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika bunge la kaunti mjini Wote, gavana na wawakilishi wa wadi walipokuwa wakivutana juu ya bajeti. Wakazi wakatia sahihi ombi la kutaka serikali yao ya kaunti ivunjwe, jambo ambalo katiba inaliruhusu. Tume ikaundwa, ikasikiliza, ikapendekeza ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Watu hawakupata walichoomba, lakini walisikilizwa hadharani, wakajibiwa, na mwaka 2017 wakamaliza wenyewe kwa kura: gavana akarudi, wengi wa wawakilishi wakaenda nyumbani.

Linganisha na mambo yanavyokwenda kitaifa. Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023, ikisema miongoni mwa mengine kwamba Bunge lilipaswa kuwaeleza wananchi kwa nini limeyakataa maoni yao. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikairudisha sheria hiyo. Ilisema kutoa sababu ni jambo jema, lakini hakuna mahali Bunge linalazimishwa kufanya hivyo. Naiheshimu mahakama, lakini hapo naona pengo kubwa. Mtu asiyejibiwa ndani ya ukumbi atakwenda barabarani.

Na barabarani tumeona. Katika maandamano ya 2024 waliuawa watu wapatao 60, kwa hesabu ya tume ya haki za binadamu, na vijana wengine wakatekwa na watu wasiovaa sare. Julai 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu kisha wapelekwe mahakamani. Mchomaji duka ni mhalifu, sina ubishi. Lakini katiba inamtaka afikishwe kwa hakimu kwanza, na Kifungu cha 37 kinamlinda yule aliyesimama kando yake na bango tu. Risasi haiwezi kuwatenganisha.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sidhani walikuwa na bunduki akilini.

Ninachokitaka si kikubwa. Kila wizara, kila kaunti na Bunge lenyewe walazimishwe na sheria kuchapisha, baada ya kila kikao cha maoni, orodha ya yaliyosemwa, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na kwa nini. Karatasi mbili tatu ubaoni kwa chifu zinatosha. Mwaka 1938 kambi ile ya Kariokor ilikuwa inadai jibu, na badala ya jibu mtu wao akaletwa kwetu Lamu. Leo hatuhamishwi kisiwani, lakini jibu bado tunalidai.