KISWAHILI KITUSAIDIE KATIKA SOMO LA KIINGEREZA



Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti letu ili tuseme juu ya jambo linaloangusha wanafunzi wengi: vitendo vya Kiingereza vya wakati uliopita. Kila mtu anajua orodha yake kwa kichwa: go, went, gone, see, saw, seen. Orodha wanaiimba kama wimbo. Lakini ukiwaambia watunge sentensi moja tu yenye kielezi kama «jana», ao yenye kiunganishi kama «na» ao «kabla», kalasi inanyamaza kimya. Juu ya nini?

Maoni yetu ni haya: wanafunzi wanakwenda kwa Kiingereza kwa kupita njia ya Kifaransa peke yake, na kumbe Kiswahili walicho nacho mdomoni kiko karibu zaidi katika jambo hili.

Tutazame. Kifaransa kinasema «J'ai vu le train hier.» Mwanafunzi anahamisha neno kwa neno, anaandika «I have seen the train yesterday.» Ni kosa, maana «have» haikai nyumba moja na «yesterday». Inafaa kuandika «I saw the train yesterday.» Sasa tuulize Kiswahili. Sisi tuko na -li- na -me-. «Niliona treni jana»: jambo limekwisha, siku yake imetajwa, mlango umefungwa. «Nimeona treni»: siku haikutajwa, habari ingali inatugusa leo. Ni kweli, katika mazungumzo watu wanazichanganya, lakini Kiswahili cha Biblia na cha redio kinazitenga. Basi -li- inajibu «saw», na -me- inajibu «have seen».

Historia ya kwetu inatupa mifano mizuri. Reli ya kutoka Kisangani, yenye kilomita 125, ilijengwa kwa sababu meli haziwezi kupita maporomoko ya Boyoma. Ilifika hapa mwaka 1906, wakati Ubundu ilipoitwa Ponthierville. Kwa Kiingereza: «The railway reached Ubundu in 1906.» Mwaka umetajwa, basi «has reached» hairuhusiwi. Tena, nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022: «Congo joined the Community in 2022.» Lakini ukitaka kusema tu kwamba imeingia na imo, bila kutaja mwaka, sema «Congo has joined the Community.» Iliingia, imeingia. Mtoto wa Ubundu anasikia tofauti hiyo bila kitabu.

Jambo la pili ni kukana. Wengi wanaandika «The train did not arrived.» Waulize kama mtu anaweza kusema kwa Kiswahili «treni hakulifika». Kalasi nzima itacheka! Tunasema «ilifika», na tukikana tunasema «haikufika»: ile -li- inaondoka, -ku- inachukua kazi yake. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. «Did» ikiisha kubeba wakati uliopita, kitendo kinatua mzigo: «did not arrive». Mzigo mmoja, mbebaji mmoja.

Jambo la tatu ni mahali pa kukaa kielezi. Kifaransa kinasema «Je parle bien l'anglais», na mwanafunzi anaandika «I speak well English.» Kiswahili kinasema «Ninasema Kiingereza vizuri», na Kiingereza kinafuata mstari uleule: «I speak English well.» Hapa ungefuata lugha ya soko tu, ungepata pointi yako.

Hatusemi kwamba Kiswahili ni kiongozi katika yote. Kuna mahali kinapotudanganya, na ni vizuri mwalimu atuonyeshe mapema. Kwanza ile -ka-. Soma habari ya mwana mpotevu katika Luka 15: katika Biblia ya Kiswahili vitendo vinafuatana kwa -ka-, kimoja nyuma ya kingine, kama mabehewa ya treni. Kiingereza hakina -ka-. Kinaweka «and» ao «then», na kila kitendo kinavaa nguo yake ya wakati uliopita. «Alifungua kitabu, akasoma, akalala» ni «He opened the book, read it and slept», wala si «He opened the book and read it and sleep.» Pili, kiunganishi «kabla». Sisi tunasema «kabla treni haijafika», tunakana. Kiingereza hakikani: «before the train arrived». Tatu, «ingawa» na «lakini» kwetu vinatembea pamoja: «Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika.» Kwa Kiingereza chagua kimoja: «Although it rained, we arrived», ao «It rained, but we arrived.» Nne, -me- ya hali: «amechoka» ni «he is tired», na «amelala» ni «he is asleep». Nyingine ni «niko hapa tangu miaka miwili». Hapa Kiswahili chetu na Kifaransa vinatupoteza vyote viwili, maana Kiingereza kinataka «I have been here for two years.»

Wengine watatujibu: lugha zikiwa mingi katika somo moja, kichwa kitachanganyikiwa. Tunajibu kwamba lugha zimo kichwani tayari, mwalimu akipenda ao asipopenda. Mwanafunzi anayeandika «have seen yesterday» amekwisha kutafsiri, lakini ametafsiri kwa siri na kutoka lugha isiyomfaa hapo. Wengine watasema: nyumbani kwetu ni Kilengola, ao Lingala, si Kiswahili. Ni kweli, na lugha hizo nazo ziulizwe. Lakini uwanjani na sokoni wote tunakutana katika Kiswahili.

Tena kuna aibu. Katika shule mingi za nchi hii, mtoto aliyesema lugha ya nyumbani alipewa adhabu, na hata leo kuna wanafunzi wanaoona kwamba Kiswahili ni cha jikoni na kwa soko tu. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya kazi za serikali, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo inatumia Kiswahili. Lugha yenye heshima hiyo haiwezi kuwa aibu mbele ya ubao.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Walimu wetu watupe dakika kumi tu katika somo la Kiingereza, tulinganishe sentensi kwa lugha tatu, tuone Kiswahili kinatusaidia wapi na kinatudanganya wapi. Na sisi wanafunzi, tuache kuchekana mtu anapouliza «kwa Kiswahili inakuwaje?» Katika Examen d'État, kati ya majibu yaliyoandikwa, neno moja dogo kama «yesterday» ao «before» ndilo linaloonyesha jibu la kweli. Anayeliona anapata pointi. Asiyeliona anabahatisha, na kubahatisha si kusoma.

Asiyekubaliana nasi aandike. Ukurasa uko wazi.