Dada, Nionyeshe Chupa ya Gundi

Wadada, mnakumbuka Septemba 2018, Job Ndugai akiwa Spika, alipowazuia wabunge wenye kope na kucha bandia kuingia bungeni? Mjini tulibishana weee! Wengine afya, wengine mwacheni mwanamke na uso wake. Mimi nilikuwa upande wa uso wake, na bado nipo. Ila swali la gundi sikulisikia kabisa. Kope yenyewe ni kiuzi tu cha plastiki, haina neno. Kinachoishikilia je?

Kwanza tutofautishe. Kope za ukanda, zile za kuvaa jioni na kuvua usiku, gundi yake mara nyingi ni ya mpira, yaani lateksi. Ukiwa na mzio wa glovu za mpira, kaa nayo mbali. Kope za kuunganisha moja moja, zinazokaa wiki mbili tatu, zinatumia sianoakrileti. Shosti, huyo ni ndugu wa damu wa supagluu! Aina inayotumika sana inashika kwa sekunde chache. Ipo ya ukoo huo iliyo mpole zaidi, hata hospitali wanafungia vidonda, lakini inakauka polepole, na saluni yenye foleni haina muda huo. Udugu huo usimpe fundi ruhusa ya kukupaka supagluu ya dukani. Ukiiona, inuka uondoke.

Humo humo kuna kaboni nyeusi ya kuleta rangi, na katika baadhi ya chupa kuna haidrokwinoni kidogo ya kuzuia gundi isigande humo ndani. Ndiyo, ile ile iliyopigwa marufuku kwenye mikorogo. Halafu fomaldihaidi. Chupa inaweza kuandikwa haina, na kweli hawakuiweka, lakini sianoakrileti ikianza kuvunjika inaitoa yenyewe kidogo kidogo. Hayo maneno ya “kwa macho laini” nayo hayamaanishi sianoakrileti haimo.

Kinachoikausha gundi hii si upepo, ni unyevu wa hewani. Kwa joto letu la Dar inaweza kuganda kabla haijagusa kope, ndiyo maana saluni makini ina kipima unyevu, na fundi anachagua gundi kufuatana nacho.

Macho yakichoma palepale, mara nyingi ni mvuke: jicho halikufumba vizuri, au chumba hakina hewa. Mzio ni habari nyingine. Unakuja baada ya saa kadhaa au hata siku mbili, kope za macho zinawasha, zinavimba, na unaweza kumpata mtu aliyebandika miaka mitatu bila shida. Ukishaupata, kwa kawaida hauondoki. Na ukienda kushonwa kidonda, mwambie daktari, maana ile gundi ya hospitali ni ukoo ule ule.

Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na alitaka abandike Ijumaa, ndoa Jumamosi, saluni hajawahi kukanyaga. Nikamwambia hapana mama. Wiki mbili kabla, kope chache tu pembeni kwa gundi ile ile, asubiri siku mbili. Kanuna. Anune tu, picha za harusi hazirudiwi.

Siku ya siku, lenzi toa, macho fumba mpaka mwisho, na chupa uione ina jina na tarehe. Kuzitoa ni kwa dawa yake, si kuvuta, utang'oa na zako za asili. Gundi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, usilazimishe kufungua jicho lililonata, nenda hospitali.

Na wewe shemeji unayelipia, akiamka macho yamevimba usianze na “si ulitaka urembo?” Washa gari, na mbebe picha ya lebo ya ile chupa, daktari ataiulizia.