Mtoto Si Mkalimani wa Mama Yake



Tumezoea kujadili mambo makubwa: Muungano, Katiba, chaguzi, nani kausaliti muafaka upi. Leo naomba mnivumilie nizungumzie jambo lililomo ndani ya nyumba zetu, ambalo kwa maoni yangu nalo ni siasa tupu, maana linahusu nani ana sauti na nani hana. Ni hii tabia yetu ya kumtoa mtoto skuli, tukaenda naye kwa daktari, kwa wakili na kwenye maofisi ya serikali ili akatutafsirie.

Nina mfano wa karibu, na wenyewe wameniruhusu kuusema. Dada yangu na mumewe waliondoka Pemba baada ya yale ya Januari 2001, yaliyowafanya watu zaidi ya 2,000 wakimbilie Shimoni, Kenya. Wao walifika Uingereza mwishoni mwa 2002 na watoto wanne. Shemeji alikuwa mwalimu wa hesabu Wete, mtu ambaye akipita njiani vijana wanaficha sigara. Hapa alikuta mlango umeshafungwa: Julai ya mwaka ule ule serikali ilifuta utaratibu uliowawezesha waomba hifadhi kuomba ruhusa ya kazi baada ya miezi sita. Akakaa ndani akitazama ukuta. Walipopata makaratasi akaanza kubeba maboksi ghalani, usiku kazini, mchana usingizini. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni. Watu wa Leicester wakisema naye alikuwa kama hakupata kukisoma. Dada yangu hakuwa na hata hicho cha vitabuni.

Binti yao mkubwa alikuwa na miaka 11. Mwaka mmoja wa skuli ulitosha, ulimi ukafunguka, na kuanzia hapo akawa mkuu wa nyumba bila ya mtu kumteua. Yeye ndiye anayefungua barua za umeme, yeye anayejibu simu za mwenye nyumba, yeye anayejaza fomu. Pemba walipopata habari walishangilia: mtoto kashakuwa Mzungu!

Mwaka 2004 dada yangu akiwa mja mzito alianza kutokwa na damu. Shemeji alikuwa kazini. Akaenda hospitali na binti yake. Daktari akaeleza kwamba mimba imeharibika na kwamba mama arudi kesho yake kwa matibabu. Mtoto aliyaelewa maneno, lakini angeyatoa vipi mdomoni? Akamwambia mama yake: "Daktari anasema ukapumzike." Mama akarudi, akapumzika. Siku mbili nzima alikuwa akilishika tumbo lake na kuliombea dua. Siku ya tatu homa ilipompanda ndipo mtoto akaangua kilio akasema yote. Dada alipona, alhamdulillahi. Lakini miaka mingi baadaye huyo mpwa wangu aliniambia kwamba kwa muda mrefu aliamini yeye ndiye aliyemuua ndugu yake.

Mtoto hana lawama. Lawama ni ya kila mtu mzima aliyehusika, na daktari yule aliyekubali kuzungumza na mgonjwa kupitia kwa mtoto naye yumo.

Mdogo wake wa kiume yeye aliiona faida ya mpango huu mapema. Aliposimamishwa skuli siku tatu kwa kupigana, barua aliisoma mwenyewe mbele ya mama yake: skuli imefungwa, walimu wana mkutano. Mama akampikia vitumbua. Mnaweza kucheka, nami nilicheka. Ila jiulizeni, baba atamkanya vipi mtoto anayejua mshahara wake hadi senti ya mwisho, na ambaye kila barua ya nyumba hiyo lazima ipite mkononi mwake kwanza?

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema mtoto kumsaidia mzazi ni adabu yetu. Sawa, na amsaidie. Amsomee namba ya basi, amuulizie bei dukani. Lakini ugonjwa wa mama, kesi ya baba na mahojiano ya polisi si mambo ya mtoto. Kwetu mtoto hutolewa barazani wakubwa wakitaka kusema siri. Vipi huku tumemweka katikati?

Wa pili atasema mkalimani atatoa siri. Hapa hoja ipo, sitaki kuipuuza. Jamii yetu ni ndogo, na unaweza kuletewa mkalimani ukakuta ni binamu wa jirani yako. Lakini dawa si mtoto. Omba ukalimani wa simu, na ueleze kwamba hutaki mtu wa mji wako. Mwanamke anaweza kuomba mkalimani mwanamke. Ukiletewa ndugu yetu wa Bukavu anayehesabu tarehe kwa Kifaransa, nawe hukumuelewa, sema hukumuelewa, usitikise kichwa kwa haya. Mwongozo wa NHS wa mwaka 2018 kwa huduma za msingi uko wazi: mgonjwa halipi kitu kwa ukalimani, na watoto wasitumiwe kwa kazi hiyo. Wangapi kati yetu wanalijua hili?

Sasa nije kwa wanaume wenzangu, na hapa simung'unyi maneno. Wako wanaowaambia wake zao, "Darasa la nini, si mtoto yupo?" Miaka kumi inapita. Mtoto anaolewa au anahamia mji mwingine, na mama anabaki na rundo la barua kwenye droo. Halafu anataka uraia. Anaambiwa aoneshe Kiingereza cha kusema na kusikiliza cha daraja la B1, tena afanye ule mtihani wa maisha ya Uingereza, maswali 24 kwa dakika 45, na apate 18. Wenye miaka 65 na zaidi ndio waliosamehewa. Na kamba inazidi kukazwa: waraka wa uhamiaji wa Mei 2025 ulipendekeza hata wanaomfuata mfanyakazi kama wategemezi, wakiwa watu wazima, wawe na Kiingereza cha mwanzo kabla ya kuingia. Mlio nyumbani mnaojiandaa kuja, lisikieni hilo.

Serikali nayo haina mikono safi. Inadai watu wajue lugha, lakini bajeti ya madarasa ya Kiingereza kwa wageni ilishuka England kutoka kama pauni milioni 203 mwaka 2010 hadi kama milioni 90 mwaka 2016. Tuilaumu kwa hilo, ni haki yetu. Lakini jumuiya zetu zinachangisha fedha kila mwaka. Tunakodi ukumbi kwa Idi, tunanunua jezi za timu. Kwa nini ukumbi ule ule usitumike Jumamosi kwa darasa la kina mama, na chumba cha pembeni awepo mtu wa kuangalia watoto? Wasomi tunao tele, wengine wanakesha wakiandika kurasa tano kuhusu serikali tatu. Watoe saa mbili kwa wiki.

Dada yangu alianza darasa akiwa na miaka 44, kanisani, kwa mabibi wa Kiingereza waliokuwa wakijitolea. Shemeji alinuna mwezi mzima. Siku hizi barua za nyumba ile anafungua mwenyewe, na za shemeji humo humo.

Mwenye kupinga na apinge, ila kwanza amuulize mkewe barua ya mwisho ya hospitali alisomewa na nani.