Je, Umemwuliza Mama?

Mama akija hospitali kupimwa mimba, anaulizwa mambo mengi. Umezaa mara ngapi? Wangapi ni wazima? Wangapi wamekufa? Mtoto wa mwisho ana miaka mingapi? Majibu yote yanaandikwa katika karatasi yake. Lakini liko swali moja ambalo wamama wengi hawajaulizwa na mtu yeyote, wala hospitalini, wala nyumbani, wala kanisani: Wewe mwenyewe ulitaka watoto wangapi, tena ulitaka wafuatane namna gani? Ukimwuliza, mmoja anacheka, mwingine ananyamaza. Mwingine anajibu, "Mambo hayo ni ya baba."

Ndugu msomaji, leo tuseme juu ya swali hilo. Sikuandiki ili nikuamuru kuzaa wachache, wala wengi. Neno langu ni moja tu: mama anayebeba mimba aulizwe, na jibu lake liheshimiwe.

Hesabu ya nchi yetu

Mara kadhaa serikali yetu imetuma watu nyumba kwa nyumba kuuliza habari za uzazi. Katika mwaka 2013 na 2014 ilionekana kwamba mwanamke wa Kongo, kwa wastani, huzaa watoto 6.6 katika maisha yake, maana yake sita au saba. Mjini Kinshasa ilikuwa 4.2, lakini vijijini ilikuwa 7.3. Walipouliza tena mwaka 2023 na 2024, hesabu ya nchi ilikuwa imeanza kushuka.

Wako watu wanaosoma hesabu hizo na kusema kwamba wanawake wetu wanazaa bila kufikiri. Watu hao wanakosa. Wamama walipoulizwa, wengi walisema kwamba wanapenda jamaa kubwa. Mtoto kwetu ni furaha, ni msaada wa uzee, ni jina la babu lisilopotea. Hakuna aibu katika neno hilo.

Lakini uchunguzi ule wa 2013 na 2014 ulionyesha mambo mengine pia. Waume walitaka watoto wengi kuliko bibi zao. Tena, katika kila wanawake 100 wenye mume, 28 walitaka kupumzika kwanza, au kuacha kabisa kuzaa, lakini hawakuwa na njia yoyote wanayoitumia. Walio wengi kati yao hawakutaka kuacha. Walitaka kupumzika tu. Waliokuwa wakitumia dawa au njia nyingine ya hospitali walikuwa karibu 8 tu katika 100.

Basi shida yetu si kwamba wengine wanapenda watoto na wengine wanawachukia. Shida ni mama anayetaka kupumzika, lakini hapati nafasi ya kusema.

Shamba na mama

Mkulima wa Masisi anajua kwamba shamba lisilopumzishwa halitoi maharagwe mazuri. Je, mwili wa mama ni kitu kidogo kuliko shamba? Mimba inakula nguvu na damu yake miezi tisa. Kunyonyesha kunaendelea kumdai. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama akiisha kuzaa, angoje angalau miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine.

Asipongoja, si yeye peke yake anayeumia. Watu wa Kivu wanaujua ugonjwa wa bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mtoto hataki kucheza. Waganga wa dunia wanauita kwashiorkor, na neno hilo limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana. Kwao ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Wazee wale waliona jambo lile lile: mtoto aliondolewa ziwa upesi, akapewa chakula kisichomtosha.

Katika uchunguzi ule ule, watoto 104 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Na kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wazima, mama 846 walikufa kwa sababu ya mimba au uzazi. Si vifo vyote vinatokana na mimba zinazofuatana. Lakini mimba zinazofuatana upesi huongeza hatari.

Nasi watu wa Goma tuna jambo letu. Tulikimbia moto wa Nyiragongo Januari 2002, tukakimbia tena Mei 2021. Januari 2025 vita viliingia mjini. Je, hukumwona mama barabarani, mmoja tumboni, mmoja mgongoni, mmoja amemshika mkono, na wa nne analia nyuma? Mama yule alikuwa na mikono miwili tu. Nani alimwuliza?

Maneno ya wenye kukataa

Wengine wanasema, "Mungu alituamuru tuzae na kuijaza dunia." Ni kweli, imeandikwa katika Mwanzo. Lakini soma pia habari za Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Hakupanda kwenda nyumba ya Mungu mpaka alipomwachisha Samweli ziwa, na Elkana mume wake alikubali shauri lake. Naye Paulo anafundisha kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Baraka inatakiwa kutunzwa.

Wengine wanasema, "Vita vimetumaliza, tuzae wengi tujaze mahali pao." Neno hili linatoka katika uchungu, wala silicheki. Lakini kabila haliongezwi na makaburi ya watoto. Linaongezwa na watoto wanaokua.

Wengine wanaogopa kwamba dawa itamfanya mama kuwa tasa. Njia za kupumzika hazifungi uzazi daima. Baada ya sindano, mimba inaweza kukawia miezi kadhaa. Njia nyingine zikiachwa, uzazi hurudi upesi. Kufungwa uzazi kwa upasuaji ndiko kusikorudishwa kwa urahisi, kwa hiyo hakufanywi ila mwenyewe amekubali.

Baba, neno hili ni lako

Mwaka 1973, wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire, serikali iliunda kamati ya kazi hii, ikaiita kazi ya uzazi unaotamaniwa. Jina hilo ni zuri. Lakini linatuuliza: unaotamaniwa na nani? Na baba peke yake? Na mama mkwe anayengoja mtoto mwanamume?

Sheria ya afya ya Desemba 2018 imejibu. Mume na mke wasipopatana juu ya njia ya kupanga uzazi, shauri la yule anayehusika katika mwili wake ndilo linalosimama. Ni vema kuijua sheria hiyo. Lakini sheria haiwezi kukaa nanyi mezani kila jioni. Mama anayeficha kadi yake ya sindano chini ya godoro ana haki, lakini hana amani. Na baba anayefichwa, ajiulize kwa nini anaogopwa.

Kwa hiyo, baba, usingoje mpaka mimba imekwisha kuingia. Mwulize bibi yako wakati mtoto bado ananyonya. Sema, "Mama, unajisikiaje? Unataka tupumzike muda gani?" Kisha nyamaza, usikie. Nawe mama, usijibu kwamba mambo hayo ni ya baba. Mungu alikupa kinywa pia.

Mkiisha kupatana, njoni wote wawili kwa mkunga. Kama mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na mama hajapata siku zake, kunyonyesha kwenyewe kunamlinda vizuri. Baada ya hapo kuna vidonge, sindano ya miezi mitatu, vijiti vya mkononi vinavyokaa miaka kadhaa, kitanzi, kondomu, na kuhesabu siku. Mkunga atampima mama na kuwaelezea faida na shida za kila njia. Hakuna atakayewalazimisha.

Labda mama atajibu kwamba anataka watoto wanane. Vema, wazaliwe kwa nafasi, naye awe mzima wa kuwalea. Labda atasema wanne wametosha. Hilo nalo ni jibu. Lakini lazima liwe jibu lake, na hawezi kujibu asipoulizwa.