Ngazi ya Basi Isiwe Ukuta

Mtu atokaye Lupingu, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, akaenda Njombe kutibiwa au kuuza mazao yake, hana budi kuipanda milima mirefu. Milima hiyo haikuwekwa na mtu. Lakini ngazi ya basi imewekwa na mtu, nayo yaweza kushushwa.

Mabasi yetu mengi yamejengwa juu ya fremu za malori, ndiyo maana sakafu zake ziko juu. Kijana hurukia tu. Mama mjamzito, mzee wa mkongojo na mlemavu wa miguu hungoja mkono wa utingo. Twasema wazi: kubebwa mgongoni ni hisani, bali kusafiri ni haki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikutungwa ipambe kabati.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kukiinua kituo. Dar es Salaam ilifanya hivyo mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza safari kati ya Kimara na Kivukoni: jukwaa la kituo na sakafu ya basi ni kimo kimoja, na kigari cha mlemavu chaingia bila ngazi. Ya pili ni kuishusha sakafu yenyewe. Ndugu zetu wa Uganda, katika kampuni ya Kiira Motors, wameunda basi la umeme liitwalo Kayoola EVS, lenye sakafu ya chini na nafasi ya abiria 90.

Wako wasemao kwamba basi la namna hiyo litakwama kwenye matuta na mashimo. Twakubali kwamba mteremko wa Lupingu wataka gari la tumbo la juu. Lakini barabara kuu za Njombe na Makambako ni za lami, na huko hoja hiyo haina nguvu.

Kwa hiyo twazihimiza halmashauri za miji hiyo miwili: kila kituo kipya kijengwe na ukingo ulioinuliwa, na kila apewaye kibali cha kuchukua abiria mjini aulizwe kwanza kimo cha ngazi yake. Wafanyakazi nao wasione haya kuuliza hayo mikutanoni. Basi ni la umma, na umma si wenye miguu mizima peke yao.