Bustani Bila Uzio ni Chakula cha Mbuzi

Mchicha huanza kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Katika wiki hizo mama huchota maji asubuhi na jioni. Hupalilia. Hubeba samadi. Halafu siku moja mbuzi watatu huingia bustanini. Kwa muda mfupi tu kazi ya mwezi mzima imekwisha. Watoto hukosa mboga.

Baada ya hapo hufuata maneno makali. Mbuzi hupigwa jiwe na kuvunjika mguu. Majirani waliokuwa wakiombana moto huacha kusalimiana. Kesi hufika kwa mwenyekiti wa kijiji. Chanzo ni nini? Ni tundu moja katika uzio, au lango lililoachwa wazi.

Watu wengine husema, "Mbuzi wafungwe. Kwa nini mimi nijenge uzio?" Ni kweli kwamba mwenye mifugo ana wajibu wa kuichunga. Lakini mbuzi hajui mpaka. Na kuku je, nani atamfunga? Kwa maoni yangu, mwenye bustani ajenge uzio kabla ya kupanda mbegu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine husema, "Seng'enge ni ghali." Ni kweli, lakini seng'enge si lazima. Miti iliyokatwa nayo huliwa na mchwa, na kila mwaka tunarudi msituni kukata mingine. Njia bora ni uzio ulio hai. Minyaa na mibono huota kwa vijiti vilivyokatwa. Vipande mvua zinapoanza. Mbuzi hawapendi kula majani yake.

Tufanye hesabu. Bustani yako ina urefu wa hatua 10 na upana wa hatua 6. Kuizunguka ni 10 + 6 + 10 + 6, yaani hatua 32. Toa hatua 1 ya lango. Zinabaki hatua 31. Kila hatua panda vijiti 4. Basi unahitaji vijiti 124. Majirani wenye minyaa au mibono wanaweza kukupa vyote bila malipo. Uzio huu hauwi imara mara moja. Kwa hiyo msimu wa kwanza zungushia matawi ya miiba kwa nje. Ziba vizuri sehemu ya chini, maana kuku hupita hapo.

Lakini angalia. Utomvu wa mnyaa ni hatari sana kwa macho. Ukikata, geuza uso, kisha nawa mikono kwa sabuni. Mbegu za mbono ni sumu, watoto wasizile. Kama una watoto wadogo, waonye mapema.

Sasa tuseme juu ya lango. Watu wengi hujenga uzio mzuri, halafu mlangoni huegemeza tawi la mti. Hiyo ni kazi bure. Mbuzi hatafuti uzio ulipo imara, hutafuta ulipo dhaifu.

Weka lango ubavuni, upande wa jikoni, si upande wa njia. Hapo mama ataliona anapopika. Chimbia nguzo mbili za mti mgumu, kina cha sentimeta 60, ushindilie udongo na mawe. Unganisha fito kwa misumari. Ongeza ubao wa mshazari, kutoka chini upande wa bawaba hadi juu upande wa komeo. Ubao huo huzuia lango lisilegee. Kama huna bawaba, vipande vya tairi kuukuu vinafaa. Lango lifunguke kwa nje na liwe pana kuliko nafasi ya nguzo. Mbuzi akilisukuma, atakuwa analifunga. Kitanzi cha kamba peke yake hakitoshi, kwa sababu mbuzi hukiinua kwa pua. Tumia komeo la mti.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Katika nyumba nyingi mama hulima bustani, na uzio huachiwa baba. Baba husema, "Nitajenga nikipata nafasi." Msimu unakwisha na nafasi haijapatikana. Lakini mboga zikiwa mezani, nafasi ya kula hupatikana. Si haki. Siku mbili za kazi ya baba zitalinda jasho la mama la miezi mingi. Watoto nao wafundishwe jambo moja: anayefungua lango ndiye anayelifunga.

Mazungumzo katika darasa

1. Katika kijiji chetu, nani alipe mbuzi akila bustani?
2. Bustani yako ina hatua ngapi kuizunguka? Utahitaji vijiti vingapi?
3. Nyumbani kwako, nani atajenga lango, na lini?