Si Ulimi Uliofungwa

Hapa Lubumbashi, toka Kamalondo mpaka Katuba, baba wa nyumba akiamka mkono wa kuume umekufa na maneno hayatoki, wengi husema, "Wamemfunga ulimi." Halafu hutafutwa mlozi, na macho huangukia bibi mzee wa jirani asiye na kosa. Mimi naona desturi hiyo inaharibu watu wawili kwa siku moja, mgonjwa na bibi.

Ulimi wa mtu huyo ni mzima. Ugonjwa umo ndani ya fuvu, katika ubongo, ambao kwa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1 na nusu kasoro kidogo. Sehemu yake kubwa, yenye mikunjo mingi, imegawanyika nusu mbili. Nusu ya kushoto hutawala upande wa kuume wa mwili, na ya kuume hutawala upande wa kushoto, kwa sababu nyuzi zake hupishana chini, katika shina la ubongo. Shina hilo huongoza pumzi, moyo na kumeza. Nyuma yake umo ubongo mdogo, utusaidiao kutembea pasipo kuyumba. (Lutuku huuvuruga upesi, kama mtaa wote ujuavyo.)

Mwaka 1861, huko Paris, munganga Paul Broca alipasua maiti ya mtu ambaye kwa miaka mingi alitamka neno moja tu, "tan", na upande wake wa kuume ulikuwa umepooza. Alikuta kidonda mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Kwa watu walio wengi usemi hukaa upande huo. Ndiyo sababu mkono wa kuume na maneno hupotea pamoja: mshipa wa damu umeziba au umepasuka, mara nyingi kwa ajili ya tansio iliyopanda miaka mingi bila kupimwa. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa katika dakika chache.

Basi usimnyweshe uji wala dawa. Kama kumeza kumelegea, uji utaingia mapafuni. Mlaze ubavu, angalia saa ugonjwa ulipoanza, umpeleke hospitali papo hapo, hata usiku. Wala msimseme mbele yake kana kwamba hayupo. Maneno yamempotea, lakini mara nyingi anasikia na kufahamu, hata jina la yule bibi mnayemshtaki.